Kikohozi cha Mjane wa Gombani

Haya nitakayoyasema ni kweli tupu, na naapa kwa pensheni yangu, kitu pekee ninachokingojea kwa imani kila mwisho wa mwezi. Likionekana ndani yake neno moja la uongo, kahawa ya baraza hii yote leo ni juu yangu, na kashata zake. Mimi nimekaa miaka thelathini kwenye mizani ya karafuu. Mtu aliyezoea kupima hazidishi.

Basi, wapo wanaokwenda mazikoni kutafuta thawabu. Suhail, dalali wa nyumba, huenda kuchukua vipimo. Siku tuliyomzika Mzee Abdulsamad aliitikia dua kwa sauti kuliko wafiwa wenyewe, na mikono ikiwa bado juu alishajua marehemu ameacha nini: nyumba ya vyumba sita nyuma ya uwanja wa Gombani, imejaa wapangaji wanaolipa kodi ya zamani, kodi ambayo ukiisikia unaona haya kwa niaba ya mwenye nyumba.

Huyu Suhail kwao Wete. Hapa Chake Chake hana duka wala kibao. Ofisi yake ilikuwa kiti cha pikipiki yake, na mtaji wake ulimi. Angeweza kwenda Tumbe akawauzia wavuvi dagaa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaa ya wanyonge akitafuta mwenye nyumba asiyejua bei ya mjini. Akimpata, humlipa miezi sita mbele kwa bei ya zamani, huikodi nyumba nzima, huwatoa waliomo, kisha huwaingiza wageni wa miradi kwa bei mara tatu. Ukimlaumu atakwambia yeye haibi, yeye anaziamsha nyumba zilizolala.

Siku ya nne baada ya maziko akasimamisha pikipiki Gombani. Pale uani alimkuta Tatu, mpangaji wa chumba cha kwanza, anachoma mandazi. Suhail hakumkumbuka. Dalali hukumbuka vyumba, si watu. Lakini Tatu alimkumbuka vizuri sana, kwa sababu alishaamshiwa nyumba na bwana huyu huyu kule Machomanne, akatoka na karai kichwani na godoro mgongoni siku ya mvua.

Suhail akatoa salamu ndefu, akamsifu marehemu, akayasifu mandazi, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, nyumba hii sasa iko mikononi mwa nani.

Kabla Tatu hajajibu, kikatoka kikohozi nyuma ya pazia la chumba cha pili. Aliyekohoa alikuwa Mwalimu Adriano, mtu wa bara, miaka kumi na mbili anafundisha hapa kisiwani. Alikuwa kitandani na mafua yake, na pembeni mkewe, Joyceline, mimba ya miezi saba, anahamisha ndoo kutoka tone moja la manyunyu ya usiku hadi jengine. Masika yalikuwa mlangoni. Wakitolewa pale, kila mwenye nyumba mjini atawadai miezi sita mbele, na mwalimu huyo hata miezi miwili mbele hakuwahi kuiona. Mtoto angezaliwa barazani mwa watu.

"Nani huyo?" akauliza Suhail.

Tatu akakitazama kijiko, akalitazama pazia. Nadhani hata yeye hakujua atasema nini mpaka aliposikia amekwisha sema.

"Punguza sauti, bwana. Yuko eda."

Suhail akavua kofia, akaivaa tena. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamme asiye ndugu yake hathubutu hata kulitikisa pazia lake. Lakini mjane wa marehemu, Bi Umkulthum, alikuwa kwake Wawi. Sote tulimwacha huko. Sasa huyu?

Hapo akili ya Suhail ikajipikia pilau peke yake. Mji mzima ulijua kwamba Mzee Abdulsamad kila Alhamisi akienda Gombani "kuangalia mabati". Watu wakicheka: mabati gani hayo yanayoangaliwa miaka kumi na moja na bado yanavuja? Kweli yenyewe ni kuwa mzee alikuwa akija kucheza bao na Mwalimu Adriano, na akishindwa hataki ijulikane. Suhail hakuyajua ya bao. Yeye alijua kitu kimoja: mke mdogo wa siri, nyumba ameachiwa, na hana wa kumuuliza bei.

"Maskini Bi Mdogo," akasema, na machozi yakamjia kweli. Mtu akikaribia faida huwa mwepesi wa huruma.

Ndani, Mwalimu akakohoa tena. Hakuhitaji kuigiza sana. Alikuwa amefiwa kweli, na mshindani wake wa bao.

Mazungumzo yakaendeshwa kwa heshima zote. Suhail akakalishwa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi uani, mgongo kwenye pazia. Tatu akawa anaingia na kutoka. Bi Mdogo, akasema, ana haya, na sauti hana kwa kulia. Akikohoa mara moja amekubali, mara mbili amekataa. Suhail akatoa neno lake: ataikodi nyumba yote, miezi sita mbele, bei ile ile ya marehemu, "asisumbuke na vurugu za mjini." Kikohozi kimoja.

"Na jambo hili," akaongeza kwa sauti ya chini, "lisifike kwa sheha wa mtaa. Akisikia sheha, atasikia Bi Mkubwa wa Wawi, na yule atamla nyama mwenzake."

Kikohozi kimoja, cha haraka.

Lakini Bi Mdogo naye akawa na masharti mawili. La kwanza, wapangaji wasiguswe mpaka atoke eda, maana nani atampikia? La pili, paa litengenezwe kabla ya masika, mfiwa halali kati ya ndoo. Suhail akafurahi mpaka akakiinua kibao cha mbuzi pamoja na nafsi yake. Paa jipya, kodi mpya! Alikwenda mwenyewe kuiuza ofisi yake, ile pikipiki, akaleta fedha kwenye bahasha, akaipitisha chini ya pazia bila kugeuza uso. Nakwambieni, alikuwa mwizi mwenye adabu. Mabati kumi na mawili akayapata kwa mshirika wake wa pembeni, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye jina lake halina umuhimu katika hadithi hii. Fundi akapanda, misumari ikalia siku mbili. Mvua ya kwanza ilipopiga, Joyceline akaziweka ndoo uani zikingie maji, na usiku huo akalala.

Suhail akawa anahesabu siku kuliko mjane yeyote aliyewahi kukaa eda Pemba. Kila wiki alikuja kwa miguu, akaacha sukari au kilo ya samaki, akaulizia kifua cha Bi Mdogo. Kifua kilikuwa kinaendelea vizuri, hata ikabidi Mwalimu ajifunze kukohoa upya.

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, kesho yake akafika na doti ya kanga, udi na barua tano za kuwatoa wapangaji. Akapiga hodi. Pazia lilikuwa limefungwa kando kwa kamba. Kitandani alikaa Mwalimu Adriano, kalamu nyekundu sikioni, anasahihisha madaftari huku mguu ukimbembeleza mtoto.

"Karibu, Bwana Suhail," akasema Mwalimu. "Mimi nilishatoka eda tangu jana."

Suhail akamtazama Mwalimu, akatazama kanga. Ukutani pale palipigiliwa karatasi yenye muhuri wa sheha: Bi Umkulthum wa Wawi amewaandikia wapangaji wake wakae kwa kodi ya zamani mwaka mzima, na amekiri kupokea ya miezi sita mbele.

"Fedha yangu," akasema Suhail kwa sauti ndogo.

"Hatukuila," akajibu Tatu kutoka uani. "Weye ulisema unampa mjane. Imefika kwa mjane. Unataka kushitaki, sheha ni pale. Mwambie na kwa nini hukutaka ajue."

Suhail akakaa kwenye kibao kile kile cha mbuzi. Joyceline akampa chai. Kanga akaziacha, na mtoto anabebwa kwa hizo mpaka leo.

Huo ndio mwisho, nami niliuona wote kwa macho yangu.

Nilipofika hapo na hadithi yangu, Tatu, aliyekuwa anapita na sinia lake la mandazi, akasimama mbele ya baraza.

"Hadithi nzuri, Babu Hamzah. Lakini yule mtu mzima mwenye heshima zake, mwenye mabati, ni nani?"

Nikamwambia jina lake halina umuhimu.

"Kwetu lina umuhimu. Nyumba yetu haina dari. Mtoto wa Mwalimu akilala chali, anachokitazama kutwa ni maandishi mekundu: HAMZAH WA MIZANI, ASIYEHUSIKA ASIGUSE. Yako kwenye mabati yote kumi na mawili."

Niliyaandika mwenyewe, kwa kuogopa wezi. Nikasema kina Hamzah ni wengi. Hapo Suhail, aliyekuwa amejibanza kwenye kona ya baraza muda wote, kofia usoni, akaamua kusema kweli kwa mara ya kwanza katika umri wake.

"Babu, na mazikoni ni Hamzah yupi aliyenigusa kiwiko, akaninong'oneza vyumba sita?"

Baraza yote ikanigeukia. Nikamwita muuza kahawa.

Tulikuwa watu kumi na saba, na kikombe cha kwanza akapewa Suhail. Tatu hakunywa. Yeye alitaka misumari: bati la pembeni, lile ambalo ASIGUSE imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine, limeanza kuvuja, na kesho asubuhi nimeahidi kupanda mwenyewe kuligusa.