Lori la Serikali Halivuji

Wananchi wa Migori walitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa furaha kubwa, kwamba kuanzia siku ile hakuna mali yoyote ya serikali iliyokuwa inavuja. Si paa, si bomba, si tangi. Aliyetangaza ni Bwana DO mwenyewe, mkuu wa tarafa, Dishon Ratemo, amesimama juu ya meza, kofia yake yenye nembo ya simba imekaa sawasawa kichwani. Nyuma yake, lori kuukuu la jeshi lilikuwa likidondosha maji, ta, ta, ta, kama mtu anayehesabu.

Watu wakapiga makofi. Mwaka ule wa tisini na tatu, ukiitwa barazani ulipiga makofi kwanza, kusikia baadaye.

Bwana Ratemo hakuitoa amri hiyo kichwani mwake. Asubuhi redio ya polisi ilikuwa imekoroma kutoka mkoani, maneno yakikatikakatika: "...ofisi itakayopatikana inavuja... mkubwa wake anakwenda nyumbani... ova." Mtu mwingine angefikiria siri. Siku hizo magazeti yalikuwa yakiandika mambo ya maofisi kabla maofisi yenyewe hayajayajua. Ratemo hakufikiria siri, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia siri yoyote. Alichungulia dirishani, akaliona lori, jasho likamtoka.

Lori hilo liliachwa na jeshi la mkoloni. Wazee walisema lilikwenda vita vya Burma na likarudi, jambo ambalo vijana wengi liliowabeba hawakuliweza. Wilaya ilipokatwa vipande, Homa Bay walibaki na ofisi za mawe, Migori wakapata lori. Sasa sherehe za Jamhuri zilikuwa Homa Bay, na mkubwa wa mkoa alikuwa amesema anataka kuliona likiongoza gwaride. Ratemo akilifikisha, udisii, yaani ukuu wa wilaya, ulikuwa wake. Mkewe, Bonareri, alikuwa ameshaanza kuwaomba wenzake kanisani wamwite Mama DC, polepole tu, ili wazoee.

Tatizo lilikuwa kidimbwi. Chini ya injini palikuwa na kidimbwi cha maji ya kutu ambacho bata wa mapolisi walikifanya kwao. Ratemo aliunda kamati, kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba yale si maji yanayovuja. Ni jasho. Lori limefanya kazi ya taifa tangu vita vya Wazungu. Litakosaje kutoa jasho? Ratemo akaagiza wote waseme hivyo.

Kisha akamwita Konstebo Gisiri, askari na dereva wa lori, Mkuria mmoja mrefu ambaye amri ikimwingia haitoki.

"Gisiri, mtu yeyote atakayesema lori hili linavuja, mkamate papo hapo."

"Ndiyo, afande. Hata akiwa mtu mkubwa?"

"Hata akiwa baba yako."

"Baba yangu alikufa, afande."

"Basi hata akifufuka! Na ukishamshika, usisikize maneno yake. Mshikwa hana amri."

"Mshikwa hana amri," Gisiri akarudia, kama mtoto anayekariri katekisimu.

Wa kwanza kushikwa alikuwa fundi. Monari alikuwa na gereji yake chini ya bati moja kando ya barabara ya Isebania, na mdomo ambao ungehitaji bati la pili. Aliitwa alitazame lori kabla ya safari. Akalala chini, akatoka na tope mgongoni.

"Mkubwa, hii kitu inavuja kama pua ya mtoto. Mpira wa rejeta umepasuka. Nipe tu..."

Hakumaliza. Gisiri alikuwa ameshamtia pingu, ile moja iliyokuwa kituoni. Ratemo hakukasirika. Aliona mbali. Angemchukua Monari mpaka Homa Bay, nyuma ya lori, ili mkubwa wa mkoa aone kwa macho yake jinsi Migori inavyoshughulikia watu wanaosema mambo yanavuja.

Wakaondoka. Rongo walipita vizuri. Rodi Kopany, katikati ya soko, lori likatoa moshi mweupe puani, likakohoa, likazima.

Ratemo akashuka na kiboko chake cha heshima kwapani. Soko zima likasogea. Wakaletewa maji na akina mama, na injini ilipopoa wakaanza kumimina. Maji yaliyoingia juu yalitokea chini bila hata kuchelewa njiani.

"Baba," akasema mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, "hili lori lenu lina sukari? Mbona linakunywa huku linakojoa?"

Gisiri akageuka, mkono kwenye mkanda. Akafikiri. "Kukojoa haimo kwenye amri," akasema, akatulia.

Ratemo akatazama saa. Gwaride lilikuwa karibu kuanza, na Homa Bay ilikuwa pale mbele tu, karibu inukie samaki. Akaenda nyuma ya lori.

"Monari, shuka utengeneze."

"Nitengeneze nini, mkubwa?"

"Pale mbele."

"Pale mbele pana nini?"

"Pana... linatoa jasho."

"Jasho ni afya, mkubwa. Mtu akitoa jasho anapewa kivuli. Haitiwi fundi."

"Usinichezee! Wewe si ulisema mwenyewe pana mpira umepasuka?"

"Nilisema, nikafungwa. Nikishika spana sasa si nitakuwa nimerudia, kwa mikono? Mimi nina mke, mkubwa. Wewe nifungue kwanza, halafu uniambie kwa mdomo wako gari inafanya nini. Hapo nitajua ni kazi umenituma, si mtego."

"Mfungulie, Gisiri!"

Pingu zikatoka. Monari akaruka chini, akajisugua mikono, akakunja nne kwenye bampa kama aliyeenda kuposa.

"Haya. Gari inafanya nini?"

"Linapoteza... unyevunyevu."

"Sijui hiyo."

"Maji yanahama!"

"Yanahamia wapi? Yana shamba?"

Soko likacheka. Kijana mmoja juu ya gunia akapiga kelele, "Omera, DO ameshikwa na kigugumizi!" Ratemo akasikia shingo ikiwaka. Aliona kiti cha DC kikiondoka, kile chenye matakia, na Bonareri akirudi kuwa Mama DO mbele ya kanisa zima. Mtu ana kikomo.

"Linavuja!" akaunguruma. "Linavuja, bwana! Lori linavuja! Umeridhika?"

"Sasa nimekuelewa," akasema Monari, akainuka.

Pingu zilisikika zikifunga, kla. Ratemo akatazama mikono yake, kisha uso wa Gisiri, ambao haukuwa na kitu.

"Gisiri! Wewe ni mwendawazimu? Nifungue! Hii ni amri!"

"Mshikwa hana amri, afande," akasema Gisiri kwa heshima, akapiga saluti, akamsaidia kupanda nyuma, akamfutia mahali pa kukaa.

Monari alimwomba muuza omena kamba ya mpira aliyofungia kikapu kwenye baiskeli, akaizungusha kwenye ule mpira wa rejeta ikiwa imevutwa kwelikweli, akakaza na waya juu na chini. Wakajaza maji. Yakakaa. Yeye akapanda mbele kiti cha DO, maana fundi lazima asikilize injini.

Uwanjani Homa Bay bendi ilikuwa imeanza. Mkubwa wa mkoa alishuka jukwaani, Gisiri akasimama kama mlingoti.

"Mzee, nimeleta lori la Migori, pamoja na mtu mmoja aliyevujisha."

Mkubwa wa mkoa akatabasamu. Tangu atoe ile amri ya redio, hakuna ofisi iliyokuwa imemshika hata mtu mmoja. "Vizuri sana, konstebo. Alivujisha siri gani?"

"Kwamba lori la serikali linavuja, mzee. Alisema mbele ya soko lote, mara tatu."

Mkubwa akainama, akachungulia chini ya injini. Pakavu. Akapitisha kidole, kikarudi na vumbi.

"Mbona halivuji?"

"Halivuji, mzee. Ndiyo maana nilimkamata."

"Kwa hiyo amevujisha siri, na siri yenyewe ni uongo." Akamtazama aliyekuwa nyuma ya lori. "Huyu si Ratemo?"

Ratemo akafungua kinywa. Kujitetea, ilibidi aseme kwamba lori lilikuwa linavuja kweli, mikononi mwake, na kwamba alijua. Akakifunga.

Akashushwa, lori likaondoka kuongoza gwaride, Monari dirishani akiwapungia wananchi mkono kama aliyezaliwa akiifanya kazi hiyo. Ratemo akabaki juani na pingu zake. Tone likamdondoka kutoka kidevuni, likafuatwa na jingine, ta, ta, ta, mpaka vumbi la kati ya viatu vyake likaanza kulowa.

Mkubwa wa mkoa akasimama, akatazama chini.

"Na huyu naye, mbona anavuja?"

"Ni jasho, mzee," akanong'ona Ratemo. "Jasho tu."

"Ndiyo, mzee," akasema Gisiri. "Ndivyo alivyotuagiza tuseme."