Daftari B

Jumatatu, 10 Juni 2024

Habari njema. Kesho mafunzo ya akili bandia yanaanza hapa Baraka, siku mbili, katika ofisi ya mutuelle yetu ya afya, chama cha kuchangiana gharama za matibabu. Eti mashine itatusaidia kujua nani kalazwa hospitalini kweli na nani kalazwa kwenye karatasi tu. Atakayefanya vizuri atapelekwa Bukavu wiki mbili, arudi kuwa mkuu wa kompyuta kwa eneo lote la Fizi. Nafasi ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi, mwandikishaji wa wanachama kwa miaka sita, na Solange, mwandikishaji mwenzangu, anayeandika polepole kama anachonga mtumbwi.

Mpango: nikae mstari wa mbele, niulize swali moja gumu asubuhi na moja mchana. Yote mawili yako tayari.

Mke wangu Rosette ameuliza akili bandia ni nini. Nikamweleza dakika ishirini. Akasema basi ni kama mimi, inajibu yote, ijue isijue. Nimelipokea kama sifa.

Jumanne, 11 Juni

Mwalimu ni Bwana Lionel wa Bukavu. Viatu vyake ni safi kupita kiasi kwa vumbi letu. Ametufundisha kwamba mashine haipewi jina la mgonjwa, siri ya mwanachama ni siri. Tena kwamba mashine hukosea kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwa hiyo kila jibu lihakikishwe.

Nikauliza swali langu la asubuhi. Akasema amelijibu dakika mbili zilizopita. Nilikuwa nasoma la mchana.

Kesho ataingiza madaftari mawili ya wanachama, langu na la Solange. Majina yamefunikwa na madaftari yataitwa A na B. Mashine itafute yasiyo ya kawaida. Sina wasiwasi. Daftari langu halina hata neno moja lililofutwa.

Jumatano, 12 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Daftari A: makosa madogo matatu. Nikajua ni langu.

Daftari B: mashine ikasema watu 143 wamezaliwa siku moja. Wote tukacheka, mimi zaidi. Dany wa stoo akasema, "Ule mama alizala kijiji muzima mara moja, bamupatie medali."

Nikasimama. Nikasema, macho yangu kwa Solange, kwamba huu si uzembe, huu ni wizi uliovaa shati la kazi. Nikapendekeza kadi zote 143 za matibabu zisimamishwe mpaka kila tarehe ihakikishwe, bila huruma. Maman Adolphine, gérante wetu, yaani meneja, akasema nimesema vema. Akaandika amri palepale, akagonga muhuri. Nikapigiwa makofi. Dakika nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Ndipo Bwana Lionel akaiuliza mashine ni siku gani hiyo. Tarehe mosi Januari.

Nikaketi. Mtu akisitasita kunitajia siku yake, namwandikia Januari mosi. Ni siku nzuri, haisahauliki. Tena ni kwa muda tu, mpaka nipate nafasi ya kumuuliza vizuri. Miaka sita nafasi haijapatikana.

Solange akauliza kwa upole kama muhuri umeshakauka.

Alhamisi, 13 Juni

Sijashindwa. Nilimwendea Maman Adolphine. Amri haifutiki, amesema, ila safari haijaamuliwa. Mwisho wa mwezi madaftari yatapita tena mbele ya mashine, na mwenye daftari safi ndiye atakayepanda gari. Mpaka hapo niende nyumba kwa nyumba, nimuulize kila mtu siku yake ya kweli. Kila atakayehakikishwa, kadi yake inafunguliwa.

Lweba, Swima, mpaka vijiji vya milimani. Nimechora ratiba kwa kalamu za rangi tatu. Ratiba imechukua siku nzima, lakini ni nzuri.

Ijumaa, 14 Juni

Mama Kabagwira wa Bibokoboko, kule milimani, ameingia ofisini na mke wa mwanawe, Umutesi. Wameshuka kwa miguu tangu jana. Jumatatu ijayo alikuwa apasuliwe ngiri. Hospitali imemrudisha kwetu kwa sababu kadi imesimamishwa.

Akaketi mbele yangu, akalaza fimbo yake juu ya ratiba. Nikaeleza kwamba mashine imegoma. Umutesi akauliza mashine inamujulia wapi mama mukwe wake. Nikasema tatizo ni siku ya kuzaliwa, haijulikani.

"Haijulikane na nani?" Mama Kabagwira akauliza.

Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kadi ya ubatizo. Tarehe 19 Oktoba 1961. Nikamuuliza kwa nini hakunionyesha siku ile ya kumwandikisha.

"Nilikuwa nayo mu mukono, mwanangu. Mvua ilikuwa inakuya. Ukasema Januari inatosha."

Ofisi nzima ilisikia. Solange akampa kiti chake chenye mto, na maji. Wakati wote mama alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Sikupenda kuitazama mikono ile.

Nikabadilisha tarehe. Dakika nne. Maman Adolphine akatia sahihi barua ya hospitali. Akiwa mlangoni, mama akaniuliza mimi nilizaliwa lini. Nikajibu, tarehe nane Machi. Akasema mama yangu alipata mwandishi muzuri.

Wamebaki 142.

Jumamosi, 15 Juni

Lweba, kwa pikipiki. Nyumba ya kwanza: wote wako shambani. Ya pili: baba yuko ziwani. Ya tatu: Papa Néhémie, mwenye furaha kubwa ya kuulizwa. Alinisimulia kuzaliwa kwake kwa saa mbili, na mvua, na mkunga, na mbuzi aliyepotea siku hiyo. Kisha mke wake akasema mbuzi yule alipotea siku aliyozaliwa ndugu wa mumewe, si mumewe. Wakaanza kubishana. Nikala bugali na samaki, nikaondoka.

Mavuno ya siku: hakuna. Mwezi umebaki na siku kumi na tano.

Jumatatu, 17 Juni

Umutesi amepiga simu. Mama Kabagwira amepasuliwa salama. Nimefurahi kweli. Nilikuwa nimesahau kula tangu asubuhi.

Baada ya kula, akili ilifunguka. Solange anaamini niko Swima. Niko nyumbani, mezani, na chai. Kosa la Daftari B lilikuwa nini? Watu wote siku moja. Basi dawa ni kila mtu na siku yake! Kadi ya kwanza nimeipa tarehe 2 Januari, ya pili tarehe 3, ya tatu tarehe 4, na kuendelea kwa utaratibu. Januari mosi nimeikwepa, imeshachafuka. Hakuna wawili watakaogongana. Mashine itafute mpaka ichoke.

Rosette amechungulia, akauliza kama Papa Néhémie anajua siku yake mpya. Nimemwambia atoe begi langu la safari, alipanguse vumbi.

Nimefika kadi ya sitini. Mkono unauma, roho imetulia. Kesho naanza Machi. Februari nimeimaliza bila kosa, siku zake zote thelathini.