Unga wa Kumeza Sukari

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Magoti yanalia kuliko mashine ya zege. Muuguzi wa mradi katangaza: Ijumaa anapima sisi wenye kisukari. Sukari ikizidi kumi, hakuna kupanda jukwaa la ujenzi, unapewa ufagio wa ghala. Mimi! Miaka tisa juu ya jukwaa, nishike ufagio! Mke wangu huko nyumbani atamwambia dada yake, na dada yake atautangazia ulimwengu.
Sina wasiwasi. Nimenunua kopo la unga wa nyuzinyuzi. Muuza dawa alisema unapunguza kasi ya sukari kuingia damuni. Basi njaa ya nini? Nimekula mkate mzima na jamu.

Jumanne, 5 Machi
Twiga, mchomeleaji ninayekaa naye chumba kimoja, naye ana kisukari. Akimaliza kula huzunguka yadi kama mlinzi. Kasema unga ni msaada tu, si ruhusa. Vidonge na mlo viko palepale. Nikamjibu mwenye wivu ajinyonge. Akasema kamba ninayo mimi, imo ndani ya soda ninayokunywa.

Jumatano, 6 Machi
Kopo linasema kijiko kimoja, glasi nzima ya maji. Nachanganya zege tangu ujana, leo nifundishwe vipimo na kopo? Vijiko vitatu, maji kiduchu, lishike.
Likashika! Kijiko kilisimama wima kikombeni. Nikalitafuna. Likakwama kooni. Twiga kanipiga mgongo, kanipa maji, kasema nyumba za watu najenga vizuri ila tumbo langu nimelipiga plasta.

Ijumaa, 8 Machi
Choo sijaenda tangu juzi. Tumbo ngoma. Kidole kikachomwa: kumi na nne nukta mbili. Muuguzi kaniuliza, mzee wangu, umekula nini? Nikasema unga. Na nini tena? Nikatazama dari.
Ufagio papo hapo. Twiga, sita na nusu, ananipungia mkono kutoka juu. Mke kapiga simu. Sikupokea.

Jumamosi, 9 Machi
Vumbi. Nitapimwa tena baada ya wiki mbili. Twiga kanibembeleza: kaka, kijiko kimoja, maji mengi, tule kwa kiasi, kisha tutembee wote. Mtu mwema, lakini hajui kazi. Nimefagia siku nzima nikifikiri, na kosa nimeliona. Unga ulikaa tumboni bila kazi ya kutosha, na kibarua asiye na kazi huleta fujo.
Kesho soda mbili.