King'ora cha Poti na Mama Mkwe

Wandugu, leo nimekwisha. Mkikutana nami barabarani hapa Baraka, nawaomba mgeuze macho, muangalie ziwa.

Mnajua kazi yangu. Nilisoma saikolojia Bukavu, nikarudi na diploma, na sasa ndimi mwanaume pekee anayefundisha katika shule ya watoto wadogo mtaani kwetu, wale wa miaka miwili na mitatu. (Ndiyo, napangusa makalio. Chekeni mmalize, nitangoja.)

Tatizo letu kubwa lilikuwa choo. Shimo lile lilichimbwa kwa ajili ya watu wazima. Mtoto akichungulia anaona giza, anakimbia, anamalizia shida yake kwenye mkeka. Mkeka haukauki, mikono haioshwi, na mvua zikianza nusu ya darasa inaharisha. Tukanunua poti za plastiki. Mwalimu mwenzangu, Mama Neema, akawa anawakalisha watoto juu yake na kuwafanyia "psss, psss," kama bibi zetu wote.

Nikamuuliza, "Mama Neema, nani alihakikisha kwamba hiyo psss inaleta mkojo?"

"Na weye, mama yako alikukojoza na nini? Na diploma?"

Sikukubali. Mimi nataka ushahidi. Kulikuwa na megafone ya zamani shuleni, kipaza sauti cha mkononi. Upande wa kuongea ulikwisha kufa, kilichobaki ni kitufe cha king'ora. Basi kila baada ya uji nikawa nakibonyeza: wiiiu-wiiiu, wote kwenye poti! Lakini wale wakaidi hawakukaa mpaka mimi nionyeshe kwanza. Nikaonyesha. King'ora kinalia, nafungua mkanda, nachuchumaa juu ya ndoo, nakunja uso, napiga kelele, "Imetoka!" Watoto wanapiga makofi, "Bravo, Mwalimu!" halafu na wao wanakaa. Mwisho wote tunakwenda kunawa kwa sabuni. (Suruali ilikuwa inabaki juu. Ilikuwa mkanda tu. Mimi ni mtu wa elimu.)

Na ilifanya kazi! Mkeka ukakauka. Mama Neema mwenyewe aliacha psss yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sasa kuna jambo la pili. Jumamosi natakiwa kupanda milimani, Fizi, kujitambulisha kwa wazazi wa Riziki, mchumba wangu. Baba mdogo alinionya mapema: "Kwetu, mukwe na mama mukwe habaangaliane. Utakaa mbali, utaangalia chini."

"Sababu yake ni nini?"

"Ni vile."

"Baba mdogo, 'ni vile' si sababu."

Nikamtuma Riziki amwambie mama yake kwamba mimi nitakaa naye meza moja, tutatazamana kama binadamu. Jibu likarudi: mama atafikiri, na kama huyo kijana haheshimu kitu, basi asijichoshe kupanda mlima. Mambo yalikuwa hapo, yananing'inia, mpaka asubuhi ya leo.

Leo ilikuwa siku ya dawa ya minyoo na vitamini. Tulifagia, tukaosha poti zote, tukazianika nje. Kwa ajili ya wageni nilivaa suruali nzuri ya kaka yangu. Kaka yangu ana tumbo. Mimi sina. Kilichokuwa kinashikilia suruali ile duniani ni mkanda peke yake. (Kumbukeni hilo.)

Wageni wakafika na pikipiki. Mbele, Papa Amisi, mhamasishaji wa mtaa, kofia ya pikipiki kwapani na megafone mpya begani. Nyuma yake muuguzi waliyemwomba kutoka Fizi aje kusaidia: blouse nyeupe, na chini yake kitenge cha umoja wa bamama wa kanisa, kimechorwa kuku wekundu kwenye rangi ya njano. Nikamtazama usoni. Uso ule niliujua kwenye picha.

Mama Riziki!

Nikasema moyoni, vizuri, nitaonyesha msimamo wangu hapa hapa. Nikasimama mbele yake. "Jambo, mama."

"Jambo, baba," akaujibu ukuta. "Batoto bako tayari?"

Nikasogea mbele ya ukuta ili anione. Akageukia dirisha. Nikaenda dirishani. Akageukia mlango. Tulizunguka hivyo kama majogoo wawili mpaka Mama Neema akaninong'oneza, "Acha kumuzungusha mama ya batu!"

Nikaacha. Watoto wakapanga mstari, midomo wazi, vidonge vikaanza kuingia. Papa Amisi akaona wazazi wa jirani hawajaleta watoto wao. Akaweka kofia chini, akasimama mlangoni, akaelekeza megafone barabarani, akabonyeza kitufe.

Wiiiu-wiiiu-wiiiu!

Wandugu, megafone zote za soko la Baraka zina sauti moja. Mimi, mtu wa ushahidi, sikuwahi kulifikiria hilo.

Mstari ulipasuka. Watoto wakakimbilia poti, poti hazipo, basi wakakalia kilichopatikana. Mmoja karai la kunawia. Mmoja sufuria ya uji. Mmoja, kidonge bado kiko mdomoni, akaipata kofia ya Papa Amisi, akaipindua vizuri, akakaa kama chifu.

"Eee! Kofia yangu!" Papa Amisi akapiga kelele, na kwa mshangao akasahau kidole chake juu ya kitufe. King'ora hakikunyamaza.

Na mimi? Mimi sikuamua kitu, naapa. Akili ilikuwa inasema "hapana." Mkono ulikwisha fungua mkanda. Magoti yalikwisha kunjika. Suruali ya kaka ikaniaga, ikashuka yote mpaka kwenye viatu. Na mdomo wangu, mdomo huu huu unaouliza sababu ya kila kitu, ukatangaza:

"Imetoka!"

"Bravo, Mwalimu! Bravo!" Makofi.

Ni kwa kelele hizo Mama Riziki aligeuka. Asubuhi nzima alinikwepa, na sasa akaniangalia moja kwa moja.

Lazima niwaambie kuhusu kaptula yangu ya ndani. Shangazi yangu ni fundi cherehani. Pia yuko katika umoja wa bamama wa kanisa. Mabaki ya kitenge hayatupi.

Mama Riziki akaangalia kuku wangu. Akaangalia kuku wake. Akaangalia tena kuku wangu. Halafu akainua boksi la vitamini, akaficha uso, akaurudia ukuta.

"Mukwe," akauambia ukuta, "vala."

"Ndiyo, mama," nikajibu, nikiangalia chini. Chini kabisa.

"Mwalimu, imetoka kweli?" akauliza yule wa kwenye kofia, amenyoosha shingo kuhakikisha. (Huyo nimemfundisha vizuri.) Mama Neema alikuwa amelala kwenye mkeka mkavu, anacheka mpaka machozi, anapigapiga sakafu, "Psss! Psss! Diploma!"

Sasa hivi Riziki amenipigia simu.

"Umefanya mama yangu nini? Tangu afike anacheka, anafuta machozi, anacheka tena. Hasemi sababu."

"Na Jumamosi?"

"Amesema mukuje tu. Weye uvae mukanda mbili. Lakini ile ya kukaa naye meza moja na kuangaliana..."

"Mwambie nimeacha. Nitakaa uani, nyuma ya nyumba, nimeipa nyumba mgongo."

Akashangaa. "Weye? Hauulize sababu?"

Siulizi tena. Baba mdogo aliposema "ni vile," nilidhani hana sababu. Kumbe zamani, mahali fulani milimani huko, kuna mkwe mwingine alifungua mkanda kabla yangu.