Kinaya Mbele ya Wakwe

Jumanne, 12 Agosti 2025

Basi huyo Triza sasa anafanya mazoezi ya kukohoa. Eti anasafisha koo! Wewe simu rekodi hiyo pia. Wageni wa Everline wanakuja Jumamosi kuposa, na hata hatujakaa kuchagua nani atasimama kuongea. Everline ni mjukuu wangu, huniita kukhu. Mimi ndio nimemlea hapa mtaa wa Tena tangu hana meno. Kumsemea ni kazi yangu. Lakini shemeji Wesonga, mkubwa wetu, anataka mtu wa maneno ya kupambwa, na wifi yangu Triza alifika darasa la saba. Mimi shule niliijua nikipeleka maziwa. Maziwa yenyewe walikuwa wanatia maji, lakini wacha.

Mwalimu ninaye! Ndung'u anafundisha watoto wa likizo nyumba ya pili, na huu ukuta hauzuii kitu. Leo ilikuwa tashbihi. Unachukua kitu, unakifananisha na kingine, unatia "kama" katikati. Ni hiyo tu! Na Triza anaringa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejaribia tashbihi kwa duka ya Yonis. Nimemwambia uso wake unang'aa kama sufuria mpya. Ameniuliza nataka sabuni ya vyombo ya kipande ama ya unga. Nikaongeza, macho yako ni kama ya ng'ombe wa maziwa. Mamake akatoka huko nyuma kuona nani huyo. Nimerudi bila chumvi.

Lakini mchana nimepata dawa. Inaitwa kinaya. Unasema kinyume cha kile unataka kusema, na mwenye akili anaelewa. Mtoto mmoja akauliza, na asipoelewa? Ndung'u akaanza kumjibu, na hapo pampu ya maji ikanguruma, sikusikia tena. Haidhuru. Nani hataelewa?

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao kwa Wesonga, gorofa ya chini. Nimesimama pole pole kama mtu wa heshima.

Nikawaambia, "Mkitaka msemaji, chukueni Triza. Huyu hajawahi kulala kwa mkutano. Huyu hawezi kumwita bwana harusi jina la mtu mwingine."

Kila mtu hapo anajua. Kwa harusi ya Nabwire, msichana wa ukoo wetu, Triza alimshukuru bwana harusi kwa jina la yule kijana wa zamani wa bibi harusi! Nikangoja wacheke. Wesonga akatoa kitambaa, akapangusa macho. Amesema hajaona mtu wa kumsifu wifi yake hivyo. Triza mwenyewe amenikumbatia akalia kwa bega langu, blauzi nimeanika saa hii.

Wamempatia. Mimi nimewekwa mlangoni, wageni wasikose nyumba.

Jumamosi, 16 Agosti

Wacha nipumue kwanza.

Triza ameongea vizuri. Nimesema, basi, sirudii. Halafu Opicho, mzee wa upande wa kijana, akaomba kusikia mwenye alimlea msichana. Yaani mimi! Huko mlangoni! Everline akaniangalia, macho yamejaa. Na nilikuwa na maneno ya kawaida hapa kwa koo, vile alikuwa anashika leso yangu mpaka usingizi umchukue. Nikayameza. Hayo hata Triza angesema. Nikatoa kinaya.

"Huyu ni mvivu," nikasema. "Hata chai hajui. Sisi tumechoka na yeye. Mchukueni bure, hata kuku msilete."

Opicho akavaa kofia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ameenda kuposa kwingi lakini hajawahi kupata watu wakweli hivi. Wakakula haraka, wakaenda.

Wesonga bado amekaa kwa ngazi. Triza ameniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Everline amejifungia jikoni. Anacheka ama analia, sijui, mlango ni wa chuma.

Jumapili, 17 Agosti

Leo mwenye ananisikiliza ni wewe simu peke yako. Wesonga amewapigia wakwe warudi, ng'ombe waongelewe vizuri. Mimi nimeambiwa nikae huku juu, mdomo nisifungue hata kwa mwayo.

Sawa. Nimefikiria sana nikichambua hii mboga ya sukuma. Kosa ni la nani? Ni la wasikilizaji. Hawana masomo. Kinaya iko juu yao. Lakini jana nikivaa, Ndung'u alikuwa ameanza ingine, chuku. Unakuza kitu mpaka kiwe kikubwa kuliko nyumba. Hiyo mtu hawezi kukosa kuelewa. Kuku nitageuza wawe...

Nani anapanda ngazi mbio hivyo? Ni Everline. Uso wake kama mtu ametumwa kuomba moto. Anasema wageni wamefika, na mzee Opicho amekataa kiti, amekataa soda, Triza hata hamwangalii.

"Anasema ataongea na wewe tu, kukhu. Wewe peke yako."

Unaona? Msomi hujua mwenzake. Nakuja, mama, nakuja. Nipatie mkono, na viatu vile vyeusi.