Migomba Juu ya Mkondo

Jumatatu, 7 Aprili
Kikao cha mtaa. Balaa! Adventina, afisa mipango miji, katandaza ramani: mtaro mpya wa maji ya mvua utafuata mkondo wa zamani. Yaani nyuma ya nyumba yangu, pale pale ninapotaka kujenga fremu za maduka! Nikauliza mkondo gani. Akasema Ijumaa atakuja kuuona.

Jumanne, 8 Aprili
Wazo! Mkondo usipoonekana, haupo. Nimemwaga kifusi, nimeufukia, nimepanda migomba juu. Mke wangu Hajra kauliza maji yatapita wapi. Nikamwambia yatajijua. Jirani yetu Bi Sikuzani naye kaja. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yake ilikuwa kavu. Anasema mkondo ulikuwepo tangu anaolewa. Wivu wa fremu huo!

Alhamisi, 10 Aprili
Wingu zito upande wa Kisarawe. Nimetazama juu mpaka shingo imekaza. Hajra anasema kama naogopa, nifukue. Nifukue? Na migomba imependeza vile!

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Maji yamefika kwenye kifusi, yakasimama, yakakata kushoto. Kushoto ni kwa Bi Sikuzani! Nikasikia anaita. Nikaruka uzio. Maji magotini, yeye juu ya kitanda, kakumbatia cherehani. Nikambeba mgongoni. Akaninong'oneza: "Faraji mwanangu, ungesema tu hunitaki hapa, ningehama." Kugeuka, Adventina huyo, mwavuli mkononi, anaitazama migomba yangu ikielea kuelekea barabara ya Morogoro.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimefukua mwenyewe kwa jembe, mtaa mzima ukitazama. Mikono malengelenge matupu. Kikao kimepitisha mtaro. Sikupinga. Bi Sikuzani yuko chumbani kwetu na Hajra; mimi sebuleni, kwenye mkeka. Nimemwomba radhi. Kasema atafikiria.

Jumatatu, 14 Aprili
Alhamdulillahi! Nimepata kiwanja Kisarawe, fremu zinahamia huko! Bonde tambarare, matete mabichi, udongo laini ajabu. Dalali alinielekeza kwa kidole akiwa juu ya kilima, hakutaka kushuka. Hajra kauliza mbona nyumba zote za pale ziko mlimani. Nikamwambia wenzetu hawajui biashara. Vyura tele! Wateja watapata na muziki.