Bingwa wa Wadudu wa Anga

Jumatatu, 30 Machi 1998

Mvua. Tangu mwaka jana, mvua. Redio inasema ni El Nino. Mimi nasema ni mkosi wangu binafsi. Chumba cha mbele kinavuja mahali pawili: juu ya televisheni na juu yangu.

Wateja wa leo: hakuna. Jana alikuja mmoja. Alitaka kujikinga mvua. Mvua ilipopungua, akaondoka bila kugusa kaseti ya gemu hata moja.

Sababu naijua. Matheka! Tulisoma naye shule ya msingi hapa hapa Shauri Moyo, na hakuwahi kunishinda kwa lolote, isipokuwa hesabu, mbio na kuimba. Sasa anaendesha pikapu Industrial Area, kule viwandani, na binamu yake amemletea kutoka Dubai mashine ya gemu inayotumia sidii. Ameiweka kwenye saluni ya dada yake, Nzilani, nyumba tatu kutoka kwetu. Vijana wote wa mtaa wamehamia huko. Mimi na mashine yangu ya gemu za kaseti tunatazamana.

Nimekwenda kuchungulia. Dakika kumi tu, kwa upelelezi. Gemu yenyewe: mtu mmoja peke yake ndani ya meli ya anga iliyotelekezwa. Taa zinazimika moja moja. Kitu kinapumua nyuma ya mlango. Upuuzi mtupu! Nilirudi nyumbani baada ya saa mbili, sauti imenikauka kwa mayowe.

Nzilani aliniuliza kama nimeipenda. Nikasema nimeona bora zaidi. Akacheka. Ana kicheko cha kumfanya mtu asahau alikuja kufanya nini. Si kwamba nimekitilia maanani.

Nyumbani, dada yangu Triza amenipa makataa. Pasaka ikipita anataka chumba chake cha mbele aweke cherehani. Nikamwambia, dada, nipe muda kidogo. Akasema amenipa miaka sita.

Jumatano, 1 Aprili

Ajabu! Mama Muhonja, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kanisa, ametangaza kwamba chumba cha nyuma cha ukumbi kitapewa mwenye gemu mmoja, ili vijana wasishinde kwenye matope likizo nzima. Chumba kikavu! Chenye stima! Waumini, vijana kwa wazazi, watapiga kura Jumatatu ya Pasaka. Kila mwenye gemu alete gemu yake bora.

Nilimuuliza mara tatu kama ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Akasema, "Wabwire, ningetaka kukudanganya ningetafuta jambo la maana."

Chumba hicho ni changu. Kilichobaki ni kuwaelimisha wapiga kura.

Nimeandika orodha kwa kalamu ya wino: Gemu Bora za Anga na Sayansi za Miaka Yote. Nafasi ya kwanza, Wadudu wa Anga, ile mashine ya kutumbukiza sarafu iliyokuwa kwenye mkahawa wa Mzee Ambaro kule Majengo mwaka wa 1984. Nafasi ya pili hadi ya nane, kaseti zangu, zikiwemo ya wanajeshi wawili wanaokimbia wakipiga risasi madubwana ya sayari nyingine, na ile ya chombo kinachoruka kulia tu, hakijui kurudi. Nafasi ya tisa, kwa haki, mashine ya Matheka. Nimebandika kwenye ubao wa matangazo. Chini nikaandika: Utafiti huru.

Ijumaa, 3 Aprili

Mtu ameharibu utafiti!

Mwandiko mzuri, kalamu nyekundu. Neno madubwana nililiandika vibaya, limesahihishwa. Gemu yangu ya nafasi ya nne, ya kupanga matofali yanayoanguka, imekatwa, na pembeni pameandikwa kwamba hapo hakuna sayansi, ni kazi ya mwashi. Kisha imeongezwa gemu ya kompyuta, ya kutawala sayari tupu: unajenga visima, unagawa hewa, watu wako wakikasirika wanakuondoa. Gemu kama hiyo unaipata tu kwenye kompyuta za chuo mjini. Na hapa mtaani aliyesomea kompyuta chuoni ni mmoja tu.

Nilikwenda saluni. Nzilani hakukana. Alisema orodha yangu inajua kupenda lakini haijui kupima. Ila nafasi ya kwanza hakuigusa. Wadudu wa Anga, alisema, inastahili. Halafu akashusha kichana, akasema siku zile zilikuwa siku.

Ni kweli zilikuwa siku. Lakini siwezi kukubaliana na adui mbele ya wateja wake. Nikaondoka na heshima yangu, nikasahau mwavuli wangu.

Jumapili ya Matawi, 5 Aprili

Mpango mpya. Baada ya ibada nimesambaza habari, kwa upole, kama mtu mwenye huruma tu, kwamba gemu ya Matheka inatia watu kizunguzungu. Kwamba ukiitazama sana unahisi kama sakafu inateleza chini yako.

Saa nane mchana. Foleni kutoka saluni hadi bombani. Kila mtu anataka kizunguzungu. Hata mzee wa kanisa! Ametoka akiyumba, anacheka kama mtoto, akarudi nyuma ya foleni.

Matheka amepita kunishukuru kwa kumtangaza. Kaniletea na mwavuli wangu. Mtu huyu hana aibu.

Jumanne, 7 Aprili

Nimepata! Kwa nini nishindane na mambo mapya kwa kaseti kuukuu? Nitashindana kwa ukale wenyewe. Nitaleta Wadudu wa Anga.

Nimetembea hadi Majengo, suruali nimeikunja hadi magotini. Mkahawa wa Mzee Ambaro bado upo. Kuta zimepakwa rangi ya samawati badala ya kijani, lakini harufu ni ile ile: iliki, mafuta ya sambusa, unga wa sabuni. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Pale kwenye kona ndipo ilipokuwa. Jua la saa kumi lilikuwa likipiga kioo, tukawa tunatundika gunia la sukari dirishani ili tuwaone wadudu wakishuka, safu kwa safu, kijani, halafu nyekundu, na ile sauti, tu-tu-tu, inakwenda mbio kadiri wanavyokaribia. Wapagazi wa soko la Gikomba waliweka mizigo chini wakatazama. Mama mmoja wa nyanya alikuwa akitupigia makofi. Tulikuwa kumi na zaidi, na shilingi moja tu kati yetu.

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Miezi saba mfululizo. Nzilani alikuwa na miaka kumi na miwili, anasimama juu ya kreti ya soda kando yangu, ananishikia sambusa yangu nikicheza. Nakumbuka vizuri kabisa.

Mzee Ambaro alinitazama muda mrefu akaniuliza, "Wewe si yule kijana wa sambusa?" Nikasema ndiye mimi. Amenikumbuka! Akasema mashine ilikufa mwaka wa themanini na tisa, akamuuzia Gachanja, mwenye bohari la vyuma chakavu Industrial Area.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimeiona! Nyuma ya milango ya malori iliyong'olewa. Kioo kizima. Ubavuni kinyesi cha kuku, kwa sababu kuku wa mlinzi wanatagia ndani yake. Nilitoa mayai manne kwa mikono yangu mwenyewe.

Gachanja hakutaka pesa zangu, alizihesabu kwa macho akazionea huruma. Alitaka kitu cha kuwatuliza wanawe likizo. Mashine ya kaseti, kwa mfano. Na kaseti zote.

Niliwaza kwa dakika nzima. Miaka sita! Ile ya wanajeshi wawili tuliimaliza mimi na Triza usiku wa mkesha wa mwaka mpya, yeye ambaye siku hizi hujifanya hajui kushika vitufe. Lakini mkono wa bingwa hautetemeki. Nikakubali.

Sasa, kuisafirisha. Mwenye mkokoteni alitazama matope, akatazama mashine, akafunga safari ya kwao. Pikapu ya pekee niliyoijua ilikuwa ya Matheka. Nikamwambia ni kabati la dada yangu. Nimelifunika kwa turubai.

Njiani gari liliruka shimo, kabati likalia ting-ting, kama lina sarafu tumboni.

Matheka alisema, bila kugeuka, kwamba hajawahi kusikia kabati likifanya hivyo. Nikasema ni mbao mbichi. Akasema sawa. Akanisaidia kulibeba hadi ndani, akalifuta maji kwa koti lake, na alipokuwa anatoka aliligonga taratibu kwa kiganja, kama mtu anavyomgonga ng'ombe aliyemfuga zamani.

Triza amerudi akakuta cherehani yake haina mahali tena. Sitaandika aliyoyasema. Ni Juma Takatifu.

Jumamosi, 11 Aprili

Mativo, fundi wa redio wa Gikomba, ameifungua. Ametoa manyoya, kiota kimoja, na sarafu ya mwaka wa 1978. Amebadilisha waya, akapuliza, akasali kwa sauti ya chini. Akaichomeka.

Giza. Halafu mlio. Halafu nyota.

Rangi nyekundu imekufa, kwa hiyo wadudu wote ni kijani. Lakini walishuka! Safu kwa safu! Triza alitoka jikoni, mikono ina unga, akasimama nyuma yangu. Alitazama hadi unga ukamkaukia mikononi. Baadaye alisema mama alikuwa akinituma mkaa Gikomba, anajua nitakawia Majengo, ananiwekea chakula chini ya sufuria. Nilikuwa sijui kwamba mama alijua.

Sikucheza. Bingwa huhifadhi nguvu.

Jumatatu ya Pasaka, 13 Aprili

Mengi yametokea. Nitaeleza kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Matheka aliwasha mashine yake, meli ya anga ikaonekana, vijana wakapiga kelele. Zamu yangu ikafika. Nilivuta turubai.

 Kijana mmoja akauliza kama hilo ni friji. Watoto wakacheka.

Nikaichomeka, ikalia. Tu-tu-tu. Na hapo wazazi walianza kusimama! Mama wa maandazi. Dereva wa lori la saruji. Mlevi mmoja ambaye huwa haji kanisani. Watu wa miaka thelathini hivi, wanasukumana kama wanafunzi. Mmoja alikuwa analia, anasema alitoroka shule kwa ajili ya wadudu hawa na hajawahi kujuta. Vijana wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza ilikuwaje.

Huo ulikuwa wakati wangu. Nilihutubia. Nilisema mbele yenu yupo bingwa wa miezi saba. Nikashika mpini.

Nilikufa ndani ya sekunde arobaini. Maisha yote matatu.

Nilisema mpini ni mpya. Mativo alisema kwa sauti kwamba hakubadilisha mpini.

Ndipo Nzilani alipokuja mbele. Sasa hahitaji kreti. Alisimama, akakunja mikono ya blauzi, akacheza. Dakika ishirini na mbili! Hakupepesa macho. Wadudu walishuka wakaisha, wakashuka tena wakaisha. Ukumbi mzima ulikuwa unapumua pamoja naye. Na Mama Muhonja, ambaye hawezi kuona uchafu akautazama tu, alikuwa ameinama anasugua kinyesi cha kuku ubavuni kwa kitambaa. Akasimama ghafla. Akasema kuna maandishi yamechorwa kwa msumari.

Akayasoma kwa sauti yake ya kutangaza misiba:

"NZILANI. ALAMA 61,300. BINGWA. Na chini yake: WABWIRE, MSHIKA SAMBUSA."

Sijawahi kusikia kanisa likicheka hivyo.

Nilitaka sakafu inimeze. Nzilani alinijia na kuniambia taratibu, wengine wasisikie, kwamba mwandiko huo ni wake, na kwamba aliandika jina langu kwa sababu katika wavulana wote wa Majengo na Shauri Moyo ni mimi peke yangu ambaye sikuwahi kumega sambusa yake. Hata siku nilizokuwa sijala.

Nikasema huenda msumari ulikosea.

Kura zilihesabiwa. Wadudu wa Anga imeshinda! Matheka mwenyewe aliipigia. Lakini Mama Muhonja alisema chumba lazima kiwe na mtu wa kuaminika, na ukumbi ukapaza jina moja. Funguo amepewa Nzilani. Naye akasema mbele ya wote kwamba hatazipokea ila nikikubali kukiendesha chumba pamoja naye. Watu wakapiga makofi. Triza akapiga vigelegele, jambo ambalo halijatokea tangu harusi ya shangazi.

Nikasema nitalifikiria.

Jumatano, 15 Aprili

Siku ya pili chumbani. Pakavu. Foleni ni ya wazee na watoto pamoja. Baba mmoja anamfundisha bintiye kuwangoja wadudu badala ya kuwafukuza. Matheka ameleta mashine yake pia, ameiweka kona ya pili, na ameniomba radhi kwa kunipigia kura bila kuniuliza. Simwamini.

Nzilani amenikaribisha kwao Jumamosi. Mama yake anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mjomba wao atatoka Machakos kuja kunisalimia. Nzilani alisema nivae shati la kola.

Nimelipima jambo hilo pande zote. Mama, mjomba, shati la kola. Ni dhahiri! Wanataka kuniweka kikao, wanipokonye nusu yangu ya chumba. Hawajui wanashughulika na nani.

Nimemjibu kwamba Jumamosi sina nafasi. Mlinzi wa Gachanja ameniambia kwamba Thika, ndani ya kibanda cha nguruwe, kuna mashine nyingine ya zamani, ya mbio za vyombo vya mwezini, ile iliyokuwa karibu na stesheni mwaka wa 1986. Nzilani alikwenda kufuta kioo cha mashine, kioo kilichokuwa safi tayari. Wivu, bila shaka.

Gemu hiyo nilikuwa bingwa wake. Mwaka mzima! Nakumbuka vizuri kabisa.